Nesi kaitwa kazi kliniki ya urembo Dar, aangalie nini kabla hajasaini?

Swali la msomaji:

"Habari dada, shikamoo. Mimi ni nesi, nina diploma na leseni yangu iko hai, nimekaa wodi ya upasuaji miaka minne na mkataba unaisha mwezi ujao. Kuna kliniki ya urembo Mikocheni wameniita, wanafanya fila, Botox, leza, dripu za kung'arisha na wanasema wataanza PRP. Mshahara laki nane na kamisheni asilimia kumi kwa kila huduma nitakayofanya. Bosi ni mama mfanyabiashara, sio mtu wa afya, anasema atanilipia kozi ya siku mbili halafu nisaini miaka miwili. Anataka nimpelekee cheti original na leseni. Ni pazuri sana, pasafi, AC kila chumba, na daktari yupo, huwa anakuja Alhamisi. Natamani kwenda ila moyo unasita. Nitajuaje kama ni sehemu salama?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Umefanya la maana kuuliza kabla ya kusaini, maana wengi wananitafuta wakishasaini na mambo yameshachacha. Sasa we umenipa maelezo mengi, kamisheni, AC, usafi, na ile habari kubwa kuliko zote umeiweka mwishoni ukaipita mbio, kwamba daktari anakuja Alhamisi. Nikaanza kusoma meseji yako upya kuanzia hapo.

Kliniki bila shaka inafunguliwa siku sita. Jumatatu mteja akija anataka fila ya midomo nani anamuona, nani anachukua historia yake, nani anaandika oda? Wodini ulikuwa hugusi sindano ya dawa bila oda, na kama faili halijaandikwa unampigia daktari hata kama ni saa nane usiku. Pale utaambiwa "ah si we nesi bwana, unajua". Fila na Botox ni prosija za kitabibu, mteja anatakiwa aonwe na daktari, aandikiwe, ndo na wewe ufanye kama umefundishwa na umeidhinishwa. Sasa jiulize, sehemu isiyo na daktari siku tano kwa wiki inamtafutia nini nesi mwenye leseni hai? Mikono peke yake wangeipata kwa bei rahisi, wapo mabinti wa saluni wanachoma sindano mtaani kwa nusu ya hiyo hela. Wanachokosa ni jina la kuonyesha siku mkaguzi akigonga au mteja akilalamika. Bosi wako ni mfanyabiashara, hana leseni ya kunyang'anywa. Daktari wa Alhamisi atasema mi sikuwepo siku hiyo. Anayebaki mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ni wewe, na kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 baraza lina uwezo wa kukusimamisha au kukufuta kabisa kwenye rejesta. Kwa hiyo kila ninachokwambia hapa chini kipime kwa hilo, likitokea la kutokea nani anabeba mzigo?

Anza na huyo daktari. Omba jina lake kamili na namba yake ya usajili, ulizia Baraza la Madaktari Tanganyika kama yumo na leseni yake iko hai, afu mpigie simu wewe mwenyewe kabla hujasaini. Usione aibu. Nimeshakutana na daktari ambaye jina lake lilikuwa bado limetundikwa ukutani kwenye kliniki ya watu na mwenyewe alishaacha kwenda pale siku nyingi, alivyosikia akashangaa kuliko mimi. Muulize maswali ya kawaida tu, Jumanne jioni mteja akivimba uso nakupata kwa namba ipi, unafika baada ya muda gani, oda unaandika wapi. Daktari anayejua kazi yake hatakasirika, tena atafurahi. Akianza kusema "hayo ongea na mama" basi ujue naye amekodishwa jina.

Halafu angalia karatasi za ukutani, na uzisome, usiishie kuona zipo. Leseni ya biashara ya halmashauri sio usajili wa kituo cha afya. Saluni au spa inaruhusiwa kusugua, kukanda, kubandika kucha na kope, haijaruhusiwa kumchoma mtu dawa. Kama panachomwa sindano panatakiwa paonekane usajili wa Wizara ya Afya wa kituo binafsi, wenye jina lile lile la kwenye bango la nje na eneo lile lile. Nimesema jina lile lile kwa sababu kuna watu wana usajili wa dispensari ya Tabata wanautumia kufungulia urembo Masaki, karatasi ni halali ila sio ya pale uliposimama.

Ukishamaliza ukutani nenda kwenye fila, hapa nitakaa kidogo maana ndo panapotofautisha kliniki na saluni yenye sindano. Fila nyingi ni za asidi ya hayaluroniki, ile jeli ya kujazia midomo na uso. Ikiingia kwenye mshipa wa damu au ikiubana kutoka nje, damu haipiti na ngozi ya pale inaanza kufa. Utaona ngozi imekuwa nyeupe ghafla, kwenye ngozi yetu nyeusi saa nyingine weupe hauonekani vizuri, unaona kama imepauka kijivu, baadae inakuja michoro ya zambarau kama wavu, mteja anasema inauma kuliko ilivyotakiwa kuuma, au haimuumi kabisa kwa sababu walimpaka ganzi. Ukibonyeza na kidole ukiachia, damu inachelewa kurudi, ikizidi sekunde tatu we shtuka. Kama sindano ilikuwa puani, katikati ya nyusi au kwenye paji la uso, kuna hatari fila ikasafiri mpaka kwenye mshipa wa jicho na mtu akapofuka hapo hapo kwenye kiti. Retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, haisubiri, wataalamu wanazungumzia saa moja mpaka saa moja na nusu hivi, afu basi. Na foleni ya Mwenge unaijua.

Dawa ya hiyo dharura inaitwa hyaluronidase, inayeyusha fila ya asidi ya hayaluroniki. Kwa hiyo ukienda kutembelea sema hivi: naomba kuona hyaluronidase yenu. Usiishie kwenye "mnayo?", sema uione. Wakikupeleka kwenye droo au friji, wakatoa vichupa zaidi ya kimoja maana kwenye mshipa ulioziba dozi ni kubwa na inarudiwa rudiwa, haijaisha muda, na kuna karatasi imebandikwa inasema nani afanye nini na nani apigiwe simu, hapo umekutana na watu. Wakikuangalia kama umeongea Kichina, au bosi akacheka akasema "hayo hayajawahi kutokea kwetu", ondoka kwa adabu. Afu uliza fila gani wanatumia, kwa sababu zipo ambazo hyaluronidase haiziyeyushi, kama Radiesse au Sculptra, na silikoni ya maji ndo kabisa hakuna cha kuiyeyusha. Kama kwenye menyu yao ya huduma kuna sindano za kuongeza shepu, makalio au hipsi, hapo sina maelezo marefu mdogo wangu, funga begi lako. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilishatoa onyo 2017 kuhusu silikoni ya kuchoma kwa ajili ya kutengeneza umbo la mwili, inahama, inaziba mishipa, watu wamepata stroku na wengine wamekufa.

Trei ya dharura unaijua kuliko mimi, adrenalini, oksijeni, ambubegi, mashine ya presha inayofanya kazi. Kama AC ipo kila chumba na oksijeni haipo hata chumba kimoja, umeshaona hela inaelekezwa wapi.

Botox sasa, ile sindano ya kulegeza misuli ili mikunjo ipungue. Omba kufungua friji. Dawa hii kabla haijachanganywa inakaa nyuzi 2 mpaka 8, kwa hiyo lazima kuwe na kipima joto na daftari la kuandika, kama friji ya chanjo kule RCH, kliniki ya mama na mtoto. Ukikuta soda, mtindi na chakula cha mapokezi vimekaa pamoja na vichupa, umepata jibu. Soma boksi, namba ya bachi ya kwenye boksi na ya kwenye kichupa zifanane, angalia tarehe ya mwisho, na uliza kama imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na risiti ya msambazaji iko wapi. "Inaletwa na mtu kutoka Uturuki" sio msambazaji, huyo ni mtu na begi lake, na hilo begi limelala airport kwenye joto saa ngapi hakuna anayejua. Marekani kwenyewe kwenye udhibiti mkali, mwaka 2024 kulitokea Botox feki na za njia za panya, kufikia katikati ya Aprili watu 22 kwenye majimbo 11 walikuwa wameripotiwa kudhurika na 11 kati yao walilazwa, na hawa walikuwa wamechomwa na watu wasio na leseni au mafunzo, au majumbani na kwenye spa huko.

Kuna hesabu ndogo ya kufanya bila kumuuliza mtu yeyote. Kichupa cha yuniti 100 ukikichanganya na mililita 2.5 za seilini, yale maji ya chumvi ya hospitali, kama karatasi ya watengenezaji inavyosema, kila 0.1 ya mililita inabeba yuniti 4. Mistari ya katikati ya nyusi inachukua sehemu tano, kila sehemu yuniti 4, jumla 20. Kwa hiyo kichupa kimoja ni watu watano wa nyusi basi, na karatasi yenyewe inataka kitumike ndani ya saa 24 baada ya kuchanganywa. Wapo wanaovuta muda, ila angalau wanaandika tarehe na saa juu ya kichupa. Ukiambiwa kwa utani wakati wa mazoezi kwamba "hiki tunapataga wateja kumi na mbili", basi dawa imetiwa maji ya kutosha, au haijawahi kuwa dawa. Na kama wana Dysport, dawa ya jamii hiyo hiyo ya kampuni nyingine, na Botox wanasema "yuniti ni yuniti tu" wakimbie, nyusi zile zile kwa Dysport ni yuniti 50, hazibadilishani kabisa. Mteja atakayerudi wiki ya pili analalamika haijashika ataongea na wewe, sio na aliyetia maji.

Dripu za kung'arisha ndo zinaniumiza kichwa zaidi maana hapo hela ipo na kila mtu anaziona kama juisi. Bibi harusi anataka sita kabla ya sendofu, mama yake naye anataka, shangazi anataka, bosi anakwambia chukua begi uwafuate nyumbani kwao Mbezi uwatundikie wote sebuleni wakati kichen pati inaandaliwa. Glutathione ya mshipani kwa ajili ya weupe haijaidhinishwa na FDA ya Marekani, na mamlaka ya Ufilipino, nchi ambayo hiyo biashara imeshamiri haswa, ilishatoa onyo kuhusu madhara yake, yakiwemo ya ini, figo, tezi na ule mchubuko mbaya wa ngozi unaoitwa Stevens-Johnson. Afu wanachanganyaga na vitamini C ya dozi kubwa. Nesi wa Tanzania unatakiwa ukisikia hapo usimame, G6PD! Hicho ni kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na huku kwetu kwenye malaria upungufu wake ni wa watu wengi tu, na vitamini C nyingi ya mshipani kwa mtu mwenye huo upungufu inaweza ikapasua chembe nyekundu za damu, mkojo ukawa rangi ya kokakola na figo zikafuatia. Primakwini, ile dawa ya malaria, si unaikumbuka na kipimo chake? Uliza pale nani anapima G6PD kabla ya dripu. Mi sijui kliniki nyingi zenye jibu la hilo swali.

Kuna ujanja mwingine, utaambiwa "hii ni kipodozi tu, sio dawa". Tangu 2019 vipodozi vilihamishiwa TBS, shirika la viwango, na TMDA ikabaki na dawa na vifaa tiba, sasa watu wakaona huo ni upenyo, bidhaa ya sindano wanaiita kipodozi ili isiulizwe. Kitu kinachoingia mshipani ni dawa, hata kama boksi lina picha ya dada mweupe anatabasamu. Na zile krimu za kuuzia wateja wakimaliza, soma nyuma, haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na kama krimu haina maandishi kabisa, imepimwa kwenye kikopo cheupe, usiiuze kwa mkono wako.

Leza nitaipita kwa kifupi. Uliza mashine ni ya aina gani na ya mawimbi gani. Kwa ngozi zetu za giza ya kutoa nywele iliyo salama zaidi ni Nd:YAG ya nanomita 1064, zile za Alexandrite 755 na hasa IPL, mashine za mwanga mkali, zinavutwa na melanini ya juu, ile rangi ya ngozi, mtu anaungua anabaki na madoa miezi na miezi, na mwenye asili ya keloidi ndo balaa. Kama kuna mashine moja ya "kila rangi ya ngozi" iliyonunuliwa mtandaoni, hakuna kujaribia sehemu ndogo kwanza, na miwani ya kukinga macho ni moja ya kupokezana, we wa kushika hiyo mashine kutwa nzima ndo macho yako yako hatarini kuliko ya mteja. Na krimu ya ganzi, wasikwambie mpake mguu mzima umfunge na nailoni asubiri mapokezi. Lidokeini inaingia mwilini, Marekani kuna wasichana wawili walikufa hivyo hivyo kabla ya kufanyiwa leza mpaka FDA ikatoa tahadhari 2007.

PRP, ile ya kumtoa mteja damu, kuichuja na kumrudishia usoni, wanasema wataanza. Sawa, waanze na nini? Uliza sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha damu, iko wapi, damu ya mteja inaandikwaje jina, sindano za kutobolea uso zinatumika mara ngapi. Jibu ni mara moja, hakuna jibu lingine. Huko Albuquerque, New Mexico, Marekani, kulikuwa na spa ya hizo PRP za uso wanazoziita "vampaya", ilifungwa 2018 baada ya mteja kupata VVU, wakaguzi walikuta mirija ya damu haina majina imekaa kwenye friji ya jikoni pamoja na chakula, sindano zimefunguliwa ziko kwenye madroo, nyingine kwenye ndoo ya taka za kawaida. CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, wakaja kuandika 2024 kwamba maambukizi ya wateja zaidi ya mmoja yalihusishwa na pale. Mwenye spa alikiri makosa mahakamani 2022, ya kufanya utabibu bila leseni. Kwa hiyo ukienda Mikocheni tafuta sefti boksi, lile la kutupia sindano zilizotumika, kwa macho yako, na uliza taka zinachukuliwa na nani zinachomwa wapi. Usafi wa vigae hauhusiani.

Haya, hela. Asilimia kumi inanoga, sikatai, na mimi nimeishi kwa mshahara wa nesi najua. Tatizo ni kwamba we ndo unatakiwa kumwambia mteja hapana, una mimba, unanyonyesha, una ugonjwa wa misuli, una miaka kumi na saba, una herpesi imeamka mdomoni rudi wiki mbili zijazo, na kila hapana inakutoa hela mfukoni. Uliza wazi mbele ya bosi, nikimkataa mteja kwa sababu za kiafya inakuwaje? Afu angalia uso wake kabla hajajibu. Uliza pia kama kuna tageti ya mwezi, na mteja akidai arudishiwe hela inatoka wapi. Kuna sehemu nesi anakatwa gharama ya kichupa kizima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu kukata kienyeji hivyo, hasara lazima iwe imetokana na kosa lako, uandikiwe sababu na kiasi, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wako.

Kozi ya siku mbili kwa miaka miwili ya kufungwa, hapo bei imepanda sana bwana. Siku mbili unajifunza majina ya mishipa ya uso na unachoma watu wawili watatu huku mwalimu amekusimamia, cheti kinachapwa jioni. Sio mbaya kama mwanzo, ni mbaya kama ndo mwisho. Swali la kuuliza ni nani atanisimamia nikirudi kutoka kozi, kwa muda gani, na nani atasaini kwamba sasa naweza peke yangu. Kama nesi wa kukusimamia hayupo na daktari ni wa Alhamisi, basi wateja ndo watakuwa darasa lako. Kuhusu kufungwa, waandike gharama halisi ya kozi na ipungue kila mwezi unaofanya kazi, sio "ukiondoka unalipa milioni tano" isiyo na hesabu. Na cheti original usikiache, hapo usinipe sababu yoyote. Mwonyeshe, mpe nakala iliyothibitishwa na wakili, rudi na chako nyumbani. Bosi anayekushikia cheti anataka siku ukikataa kufanya kitu ushindwe kuondoka.

Kwenye mkataba tafuta NSSF, tafuta WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ambao mchango ni wa mwajiri wewe hukatwi, maana we unashika sindano kutwa na ukijichoma kwa bahati mbaya utahitaji PEP, dawa za kuzuia VVU, ndani ya saa 72 na mtu wa kuripoti kwake. Wakikwambia "wewe ni kama patna, sio mwajiriwa, kwa hiyo hayo hayahusu", uliza basi hisa zako ziko ngapi.

Angalia Insta yao leo usiku. Kama nesi au mama mwenyewe ameandikwa "Dk." na jana alikuwa hana, kesho na wewe utaandikwa, na siku baraza likikuuliza hutaweza kusema sikuona bango lina uso wangu. Picha za kabla na baada, uliza wateja wanasaini wapi kukubali, maana sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 iko kazini na picha ya matiti au uso wa mtu ni taarifa zake binafsi.

Na jambo ambalo ningelifanya kabla ya hayo yote, mtafute nesi aliyekutangulia. Lazima alikuwepo, sehemu ya leza na dripu haiendi bila mtu. Kwenye magrupu ya manesi WhatsApp ukiuliza nani alishafanya Mikocheni kliniki fulani utapata ndani ya saa mbili. Muulize kitu kimoja tu, ulishawahi kumkatalia mteja pale na nini kilitokea. Ukikuta wameshapita watatu ndani ya mwaka, usihitaji kuuliza cha pili.

Sasa ofa yako. Sikwambii ukatae, zipo kliniki za kueleweka na zinahitaji nesi wa upasuaji kama wewe, mkono wako wa kuchoma na jicho la kuona jeraha linavyobadilika ni mali. Mrudishie mama jibu la maandishi, WhatsApp inatosha, mwambie niko tayari ila sindano za fila na Botox nitashika siku daktari yupo mpaka nisimamiwe vya kutosha, siku nyingine nitafanya usafi wa ngozi, ufuatiliaji, vidonda na mambo ya stoo, dripu za kung'arisha na kazi za majumbani sifanyi, na cheti nitaleta nakala. Punguza hata kamisheni kama ikibidi. Mfanyabiashara mwenye akili atajadiliana, atakwambia basi nitaongeza siku za daktari, au tuanze taratibu. Akijibu "mbona wengine wanafanya" usibishane naye.

Wakati huo huo nenda kwa metroni wako hapo ulipo ukaulizie kuongezewa mkataba hata wa miezi mitatu, usije ukaamua huku tumbo linakupeleka. Na siku ya kwenda kutembelea, usiende asubuhi waliyokupangia. Nenda jioni kwenye saa kumi na moja wateja wakiwa wengi, kaa mapokezi kama unamsubiri mtu, sikiliza dada wa mapokezi anavyopokea simu ya mtu anayeuliza bei ya dripu. Hesabu kama kuna swali hata moja la afya kabla hajataja bei. Ukishasikia niandikie tena, na picha ya hilo boksi la Botox kama watakuruhusu kupiga.